Herufi Tano

Haji ni kaka yangu. Tumbo moja, ziwa moja, na mama yetu alipofariki alituacha tumeshikana mikono kando ya kitanda chake. Nasema haya mapema ili asije mtu akasema Rukaya anamsema kaka yake kwa chuki. Sina chuki naye. Nina hasira, na hasira si chuki, ingawa siku hizi nikimtazama anavyokunywa chai yake kwa madaha napata taabu kuzitenganisha.

Na mkewe, Mwantum, sikumpenda tangu mwanzo. Hilo nalo nalisema. Sisi mawifi tunajulikana. Kwetu ni watu wa biashara. Babu alitoka Bagamoyo na vitambaa, akapitia Tabora, akaja kuishia hapa Singida, na tumelelewa tukiambiwa Kiswahili chetu ni cha kuwekwa kabatini na vyombo vya wageni. Mwantum alitoka Ilongero, mama yake Mnyaturu wa jembe, darasa la saba basi. Kaka alipomleta nilijiuliza amekosa nini mjini. Kwa miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikimwita wifi mdomoni na jina jingine moyoni, na sikuwahi kuona aibu kwa hilo mpaka mwaka huu.

Yote yalianzia dukani. Kaka alipanda ngazi kushusha robota la vitenge, ngazi ikateleza, mguu ukavunjika pawili chini ya goti. Akafungwa hogo la plasta. Likafunguliwa, mfupa haujaunga, akafungwa jingine. Duka akalishika binamu yetu Abdulmajidi, na kaka, mtu ambaye hakuwahi kuonekana nyumbani mchana isipokuwa sikukuu, akageuka mtu wa barazani. Mimi nakaa vyumba vya uani katika nyumba hiyohiyo tangu nilipoachika, na cherehani yangu iko barazani penye mwanga. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na majirani wasinitafutie uongo.

Majuma mawili ya kwanza aligombana na kila kitu. Chai ina maji mengi, mto una mawe, upepo unampiga usoni makusudi, kana kwamba upepo wa Singida umeanza kuvuma alipovunjika yeye. Jumamosi moja nikamnunulia gazeti stendi ili anyamaze. Akalisoma lote, hata matangazo ya zabuni, mpaka akafika ukurasa wa nyuma penye chemsha bongo, ule mraba wenye vijumba vyeupe na vyeusi, maswali ya kwenda kulia na maswali ya kushuka chini. Akaomba penseli. Akajaza manne matano, akakwama.

"Kitu cha mviringo kinachowekwa kichwani kabla ya mzigo," akasoma kwa sauti, bila kumwuliza mtu. "Herufi tano."

"Ngata," akasema Mwantum. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua hata kichwa.

Kaka akahesabu kwa ncha ya penseli, kijumba kwa kijumba, n, g, a, t, a. Likaenea. Akamtazama mkewe kama mtu aliyeingia ndani kwa mara ya kwanza, na akamwambia asogeze kigoda.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, kaka kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, wifi kwenye kigoda, gazeti kwenye sinia lililofunikwa kifudifudi, kila mmoja ameshika pembe moja ili upepo usilichukue. Mwantum ndiye aliyeweka masharti: simu isiguswe, kamusi isifunguliwe, na mtu wa tatu asiulizwe. "Tukishindwa, tushindwe wote wawili," alisema. Mimi mwenyewe siku moja nililijua jibu nikaropoka, nikafukuzwa barazani na cherehani yangu. Nilinuna, lakini moyoni nilicheka, maana sikuwahi kumwona wifi yangu akimfukuza mtu.

Ya jikoni, ya shamba na ya methali yalikuwa yake. Mabaki ya ugali yaliyoshika chunguni, herufi tano: ukoko. Kinachopungua kadiri unavyokitumia. Anayeimba naye hana mdomo. Alikuwa akiyapata kwa njia ya ajabu, anatulia kwanza, macho yanatazama mtaro wa nje, halafu anasema neno kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi. Ya dunia yalikuwa ya kaka. Mji mkuu wa Nepali. Gesi nyepesi kuliko zote. Kaka anafumba macho, anajigonga kipaji cha uso kwa penseli, anasema, "Subiri, subiri, linakuja," halafu, "Katmandu." Mtu ambaye hajafika mbali kuliko Dar es Salaam. Mwantum anapiga makofi. Alikuwa akiwasimulia wanawake wenzake kwenye darsa, anawaambia mume wangu kilichovunjika ni mguu tu, kichwa kizima.

Ukimtazama haraka ungesema ni mchezo wa watu wasio na kazi. Lakini mimi nilikuwa naona. Jumamosi Mwantum alikuwa anafua alfajiri, anawahi sokoni, anapika mapema, anaoga, anavaa dira safi kana kwamba tuna wageni. Na kaka, ambaye nilizoea kumsikia akimwambia "wewe hutaelewa, mwache Rukaya aniletee", alianza kuita, "Mama Maryam, hebu njoo uone hili." Siku moja nampima wifi gauni la harusi ya jirani, akaniambia akiwa ameinua mikono, futi yangu iko kiunoni mwake, "Wifi, nimekaa na kaka yako miaka ishirini na mitatu. Maryam tumemlea, tumemwoza, ana watoto wake Manyoni. Lakini kuzungumza tumeanza mwaka huu."

Niliandika kipimo cha kiuno nikakikosea, ikabidi nimpime tena.

Mwezi wa nne wa hogo ndipo lilipokuja neno lenyewe.

Kaka alikuwa na mtindo wa kulichukua gazeti asubuhi, ninapolileta tu, mkewe akiwa sokoni. Alisema anapenda kuupasha ubongo moto. Jumamosi hiyo alasiri wamekaa, mimi napinda mikunjo ya sare za shule. Kaka akaanza kujaza bila hata kusoma maswali. Namba saba kwenda kulia akaandika herufi kubwa nzuri: KALAMU. Mwantum akainama, akalisoma swali.

"Mlo wa watu wengi penye sherehe," akasoma. "Baba Maryam, hapa umeandika kalamu."

"Eh."

"Kalamu ya kuandikia?"

Kaka hakuinua kichwa, akaendelea kujaza.

"Jibu ni karamu, na r yake ndiyo inashuka chini, kwa mwendesha ndege. Rubani. Kwa l yako hii itakuwa lubani, na lubani ni ya kuchoma."

Akacheka. Na mimi nikacheka mpaka sindano ikanichoma kidole, kwa sababu unapaswa kumjua kaka yangu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwatania wateja wa Iramba dukani. Mtu anasema anataka kitambaa cheupe cha halusi, kaka anamwambia rudia, mtu anarudia, anamwambia rudia tena, mpaka duka zima linacheka. Huyu ndiye aliyesimama kwenye ukumbi wa watu kumsahihisha mshereheshaji aliyesema "bwana halusi". R na l kwake ni kama Fatiha na Kulhuwallahu, havichanganyiki hata akiwa na homa. Nilitegemea angecheka kutuzidi sote.

Hakucheka. "Unanifundisha Kiswahili wewe?" akasema. "Wewe wa Ilongero?"

Akachukua ufutio akasugua mpaka gazeti likatoboka. Mwantum alisema samahani. Waliendelea, lakini kila neno alilolipata baada ya hapo alilisema chini zaidi, na lilipofika swali la mwisho alilolijua waziwazi, niliona kwenye uso wake kwamba analijua, alisema hajui.

Kesho yake tunaanua nguo uani, akaniambia, "Wifi, lile kosa si lake."

"Ni la nani sasa?"

"La mtu wa Iramba. Kila mtu ana makosa yake. Kaka yako ana mengi, lile halimo." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Tena hakulisoma swali. Alijaza kwanza, mimi ndiye niliyesoma."

Nikamwambia unafikiri sana. Akaniambia mwaka huu ndio amefundishwa kufikiri.

Sikujua anakusudia nini. Nilimwona tu ameniomba rula yangu ya kushonea, amenunua daftari la hesabu lile la vijumba, na kila akimaliza kazi anakaa jikoni anachora, anafuta, anachora. Wiki nzima. Alhamisi akanionyesha. Alikuwa ametunga chemsha bongo yake mwenyewe, maneno kumi na mawili, yanakatizana vizuri kabisa, na maswali yote yalikuwa ya maisha yao wawili. Yalikuwa maswali ambayo Haji peke yake chini ya jua angeweza kuyajibu, na angeyajibu bila kufikiri.

Swali la kwanza: "Nilichobeba siku uliponiona kwa mara ya kwanza. Herufi tano."

Jibu lake ni jogoo. Nyumbani kwetu nani haijui habari hiyo? Mwantum alikuja dukani kwa baba akiwa msichana, jogoo kwapani, anampeleka sokoni, akapita kuulizia kitambaa cha kaniki. Jogoo akachomoka. Akaruka juu ya majora, akatembea kwenye satini nyeupe na kuacha alichoacha, baba anapiga kelele, Haji anamfukuza juu ya meza kwa fimbo ya kupimia. Alipomkamata alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi, jogoo mapajani. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akiisimulia kila Idi mpaka watoto wakawa wanaimaliza wenyewe.

Swali la tano nililisoma mara mbili. "Aliyekuja kabla ya Maryam, akakaa siku tisa. Herufi tano." Alikuwa mtoto wao wa kwanza, Hamza. Tulimzika siku ya kumi. Nilikuwa sijasikia jina hilo likitajwa katika nyumba ile kwa miaka mingi.

"Unamtega," nikamwambia.

"Nusu ni mtego, wifi," akasema. "Nusu ni barua."

Jumamosi asubuhi akampa karatasi ile kabla sijaleta gazeti. Alikuwa amevaa dira lake safi mapema. "Leo la gazeti tuliache," akamwambia. "Hili nimekutungia mimi. Nikirudi sokoni nikute umelijaza." Kaka akapokea, akasema mashaallah, akaiweka juu ya mguu wake wa hogo. Mwantum alitoka na kikapu, na namna alivyokuwa anatembea niliomba Mungu awe amekosea, nami niwe dada mbaya aliyemshuku kaka yake bure.

Nilikuwa ndani napiga pasi. Sikuona alichofanya. Nilisikia tu simu ikilia ule mlio wa ujumbe, mara mbili, mara tatu.

Mwantum aliporudi, kaka alimpa karatasi kwa fahari ya mtoto aliyemaliza kazi ya mwalimu. Yote imejaa. Wifi yangu akasoma akiwa amesimama, kikapu bado mkononi. Niliona midomo yake inahesabu.

"Baba Maryam. Siku uliponiona nilikuwa nimebeba mzigo?"

"Si ulikuja na mzigo?" kaka akasema. "Watu wa shamba si huja na mizigo?"

MZIGO. Herufi tano, zimeenea. Nikasogea na mimi nikaangalia, nikaenda na jicho mpaka namba tano. Aliyekuja kabla ya Maryam, akakaa siku tisa. Hapo, kwa mwandiko wa kaka yangu, herufi zile zake kubwa za dukani, palikuwa pameandikwa MGENI.

Wengine watasema alisahau. Hakusahau. Mtu hasahau mtoto wake, na Haji si mtu wa kusahau, anakumbuka hadi bei ya kaniki ya mwaka tisini na tano. Hakusoma. Alipewa karatasi na mkewe, akaipiga picha, akaituma, akarudishiwa maneno kumi na mawili, akayanakili kwa namba. Hakuyasoma hata maswali.

"Nipe simu," Mwantum akasema.

"Simu ya nini?"

"Nataka kumsalimia aliyejibu."

Kaka akaanza kusema hakuna aliyejibu, nani ajibu, na huku mkono unaenda mfukoni kuilinda simu. Lakini mtu wa hogo haendi popote. Mwantum aliitoa mfukoni mwa shati taratibu, kama anavyomtolea dawa. Haikuwa na nywila. Nilishangaa kwa nini hakuifunga, na baadaye nilielewa, na nilipoelewa ndipo nilipokasirika kabisa.

Jina lilikuwa "Mwl Klara Ulemo". Nilimkumbuka. Mwalimu wa huko Ulemo, Iramba, mwanamke mnene mpole, alikuwa akija dukani kuchukua vitambaa vya sare za shule, Mnyiramba. Tukasoma pamoja, mimi juu ya bega la wifi. Nisikufiche, nilikuwa natafuta mapenzi. Nilitamani nione "mpenzi", nione "nimekumiss", nione kitu ambacho wanawake tunajua namna ya kukichukia. Hakikuwepo. Zilikuwepo picha za gazeti, kila Jumamosi, tangu ile ya kwanza. Mwalimu anajibu ya dunia: Katmandu, haidrojeni. Namba saba kulia, kalamu. Na kaka yangu naye anajibu. "Ni NGATA, mwalimu, imenijia tu." "UKOKO. Hiyo ndogo." Mwalimu ameandika, "Mwanaume gani wewe unajua mpaka ukoko?" Kaka amejibu, "Mimi nafikiri sana."

Mwanamume mzima amekaa katikati, anachukua kwa huyu anampelekea yule, anachukua kwa yule anamletea huyu, kote anapigiwa makofi. Ndiye aliyejivika mwenyewe kilemba cha ukoka.

La mwisho lilikuwa la asubuhi ileile. Mwalimu ameandika: "La kwanza nadhani MZIGO. La tano MGENI. Hili limetoka gazeti gani? Limetungwa vizuri sana." Na chini yake kaka yangu, mtoto wa mama yangu, ameandika: "Nimelitunga mimi mwenyewe, nikupime."

Mwantum alilisoma hilo mara moja tu. Akabonyeza namba akaweka sauti ya nje.

"Habari za huko, mwalimu. Ni Mama Maryam, mke wa mwenye simu hii."

"Nzuri, dada," ile sauti ikasema, haina wasiwasi hata kidogo. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nimeyaona majibu yako."

"Umeyaona? Nani amekusomea?"

"Nimesoma mwenyewe."

Nikasikia kuku wa huko Ulemo. Halafu mwalimu akasema, na sauti yake imebadilika, "Samahani sana, dada. Yeye aliniambia hujui kusoma. Kwamba hana wa kucheza naye nyumbani, yuko peke yake. Nilimwonea huluma."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anatazama hogo lake.

"Asante, mwalimu," Mwantum akasema. "Huna kosa. La kwanza ni jogoo. La tano ni Hamza, mwanangu." Akakata simu, akamrudishia mumewe mfukoni palepale alipoitoa, akaingia jikoni na kikapu chake.

Baada ya hapo kaka alianza kujitetea, na kadiri alivyojitetea ndivyo alivyozidi kuharibu. Kwani amezini? Kwani ameoa? Mchezo wa gazeti tu, watu mna nini? Na hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo lenyewe, kwamba halina jina. Angeleta mke wa pili, ningejua la kusema; wazee wangejua, shehe angejua, wangeitwa watu wa Ilongero, mkeka ungetandikwa. Lakini Mwantum aende kwa wazee akaseme nini? Mume wangu ameuliza majibu kwa mtu? Wangecheka mpaka kofia zianguke. Alijua hilo kabla yangu. "Nitamshtaki kwa lipi, wifi," aliniambia, na alikuwa anakatakata mlenda, hakuwa analia. "Hakuna alichoniibia."

Nilimwendea kaka nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia baba angekuwa hai angempiga kwa fimbo ileile ya kupimia. Alinisikiliza. Halafu akasema kitu ambacho nakisema hapa kwa sababu nimeapa kusema vyote.

"Nimekaa hapa kama gunia, Rukaya. Aniogeshe, anivue, anipeleke chooni. Halafu jioni, neno kwa neno, ananishinda. Darasa la saba. Nilitaka anione na mimi nina kitu."

"Na kwamba hajui kusoma?"

Alikwaruza hogo lake kwa ukucha. "Ningemwambiaje mwalimu kwamba mke wangu yupo na ndiye anayejua? Nilihitaji sababu. Ilinitoka tu."

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Huyu alichagua. Katika matusi yote ya dunia alilichukua lile moja ambalo sisi, ukoo wetu, mimi nikiwemo, tulikuwa tumemwekea mwanamke yule tangu siku aliyoingia na begi lake. Hakulitunga. Alilikuta nyumbani. Ndiyo maana hakufunga simu: amelisema mara nyingi mpaka na yeye akaliamini kidogo. Nililala na hilo siku nyingi.

Mwantum hakuondoka. Majirani wanaomsubiri aondoke wataota mizizi. Anapika, anafua, anampa mkono mpaka chooni, akisalimiwa anaitika, akiulizwa anajibu. Ukija mgeni huoni kitu. Ila Jumamosi alasiri, baada ya swala, anakaa mlango wa jikoni na ungo wake, na kigoda cha barazani kinabaki hakina mtu. Mwalimu Klara naye alimfungia kaka namba. Nilimsifu kwa hilo.

Hogo lilifunguliwa mwezi uliopita, sasa anatembea kwa mkongojo. Jumamosi iliyopita alikwenda stendi mwenyewe, pole pole, akarudi na gazeti kwapani, jasho linamtoka. Akakaa. Akaweka sinia kifudifudi, akatandaza ukurasa wa nyuma, akashika pembe moja. Pembe ya pili upepo ukawa unaipiga. Akaiwekea kiatu. Alikaa hivyo karibu saa nzima, penseli mkononi, na sikusikia hata herufi moja ikiandikwa. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, nimeacha kukanyaga.

Halafu akaita, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu anayepiga hodi nyumba asiyo na hakika nayo.

"Mama Maryam. Ndege mkubwa asiyeruka. Herufi tano."

Mbuni. Mtoto wa chekechea anaijua mbuni. Kaka anaijua, mimi naijua, na Mwantum anaijua, na sote watatu tulijua kwamba amelitafuta katika ukurasa mzima lile jepesi kuliko yote ili Mwantum asiwe na sababu ya kutokuja. Nitakuambia ukweli, kwa muda ule nilimwonea huruma kaka yangu, nikageuka nimtazame wifi, na kama angeniuliza ningemwomba aende.

Mwantum alipepeta mchele mara moja, pumba zikaruka. Akatoa kijiwe kimoja akakitupa uani. Katika miaka ishirini na mitatu sijawahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina.

"Mimi sijui kusoma, Haji," akasema, akaendelea kuchambua.